Kanoni Apolo Kivebulaya: Aliyekwenda na Biblia na Jembe



Kila mwaka tarehe 30 Mei makanisa ya Kianglikana katika nchi nyingi humkumbuka mtumishi mmoja wa Afrika Mashariki, Kanoni Apolo Kivebulaya, Mganda aliyefanya kazi Kongo. Hakupata kuwa askofu, wala hakuacha mali ya kurithiwa. Lakini watu waliomjua walimheshimu kuliko walivyowaheshimu wakubwa wengi wa siku zao. Nimeona vema tuyasome maisha yake katika gazeti letu, kwa sababu yanatufundisha juu ya adui anayeingia kanisani bila kubisha hodi. Adui huyo ni kiburi.

Sote twajua kwamba ulevi ni dhambi, na wizi ni dhambi. Mlevi akipita njiani kila mtu humwona. Kiburi si hivyo. Kiburi huvaa vizuri, huja ibadani mapema, huketi kiti cha mbele, hutoa sadaka na hujua Maandiko. Yule Farisayo wa Luka sura ya 18 hakuwa mwizi wala mzinzi. Alifunga na kutoa zaka. Kosa lake lilikuwa kwamba alipofika mbele ya Mungu alijipima kwa mtoza ushuru aliyesimama nyuma yake, akajiona amezidi. Basi na tumtazame Apolo, mtu aliyekuwa na sababu nyingi za kujiona, tuone alifanyaje.

UJANA WAKE

Apolo alizaliwa yapata mwaka 1864 katika nchi ya Buganda. Alizaliwa pacha, na kwa desturi ya Waganda aliitwa Waswa, jina la pacha wa kiume aliyetangulia kutoka. Siku zile Buganda ilikuwa imechafuka. Wafanya biashara kutoka pwani walikuwa wameleta dini ya Kiislamu, wamisionari wa C.M.S. walifika mwaka 1877, na mapadre Wakatoliki mwaka 1879. Vijana wengi wa wakati huo walisikiliza mafundisho ya kila upande. Waswa naye alishika Uislamu kwa muda, kisha akasikia mafundisho ya Alexander Mackay, yule fundi wa Kiskoti aliyekuwa akichapa vitabu na kuwafundisha watu kusoma.

Mwaka 1888 vita vya dini vilianza, na kwa miaka kadhaa Waganda walipigana wao kwa wao. Waswa alishika silaha kama vijana wenzake. Alijua maana ya kushinda na kushindwa, na alijua jinsi mtu mwenye bunduki anavyoogopwa njiani. Jambo hili tulikumbuke. Unyenyekevu wake wa baadaye haukuwa unyenyekevu wa mtu asiyeweza kujitetea.

Baada ya vita alijiunga na darasa la ubatizo, na mwezi wa Januari 1895 akabatizwa kwa jina la Apolo. Tukisoma Matendo ya Mitume sura ya 18 tunamwona Apolo wa Aleksandria, msemaji hodari na mwenye elimu ya Maandiko, ambaye hata hivyo alikubali kukaa chini afundishwe zaidi na Priska na Akila, mume na mke waliofanya kazi ya kushona mahema. Jina lilimfaa kijana wetu.

Jina la pili, Kivebulaya, alipewa na watu. Alikuwa na koti jekundu la askari, na alikuwa akilivaa juu ya kanzu yake nyeupe. Watu walipoliona wakamwita kwa Kiganda kitu kilichotoka Ulaya. Lilikuwa jina la utani, tena la kuchekesha. Mwingine angekasirika, yeye aliliacha limkae mpaka kufa kwake, hata leo dunia nzima yamjua kwa utani ule.

KAZI YA TORO NA BOGA

Mwaka ule ule wa 1895 Apolo alitumwa kuwa mwalimu katika nchi ya Toro, magharibi ya Buganda, chini ya milima ya Ruwenzori. Mwaka uliofuata akapelekwa mbali zaidi, ng'ambo ya milima na mto Semliki, mahali palipoitwa Mboga, ambapo sasa paitwa Boga. Mtu wa Toro anapotazama machweo huona milima ile imefunga njia, na vilele vyake vina theluji mwaka mzima. Kilele kikubwa kinapita mita 5,100. Kufika Boga kulitaka kupanda na kushuka kwa miguu, kisha kuvuka mbuga yenye joto, na kupanda tena.

Walimu waliomtangulia huko walishindwa kwa sababu ya njaa, maana chifu wa mahali, jina lake Tabaro, hakutaka watu wawape chakula. Inasimuliwa kwamba Apolo aliposikia habari hiyo alitafuta jembe, akalibeba pamoja na vitabu vyake. Kama watu wasingempa chakula, angelima mwenyewe.

Ndugu msomaji, sisi wakulima tunaweza kulipita jembe hilo bila kuliona, kwa kuwa kwetu kila nyumba ina jembe. Lakini wakati ule Waganda walikuwa na sifa kubwa. Walikuwa na mfalme, mahakama na barabara, walitangulia kusoma, na Waingereza waliwatumia kutawala makabila mengine. Mganda aliyefika katika nchi ya jirani alifika kama mkubwa. Mwalimu naye, kama tujuavyo hata huku kwetu, alihesabiwa mtu wa kalamu ambaye hapaswi kuchafuka mikono. Apolo alikuwa Mganda, alikuwa mwalimu, na alikuwa amewahi kuwa askari, lakini alishika mpini akalima mbele ya watu aliokuja kuwafundisha. Kwa hiyo walikwisha kuona neno lake kabla hawajalisikia.

Mambo hayakuwa rahisi. Alifundisha watu kuacha hirizi na ulevi, na chifu Tabaro akaona mamlaka yake yanaguswa. Apolo alikamatwa akapigwa vibaya sana. Baadaye ikatokea ajali: ndugu wa kike wa chifu alikufa kwa mkuki pasipo mtu kukusudia. Apolo akashtakiwa kuwa ndiye aliyemwua, akafungwa na kupelekwa Toro gerezani kama mwuaji. Katika taabu za siku hizo, ndivyo alivyosimulia yeye mwenyewe, Bwana Yesu alimtokea akiwa na mwanga kama wa jua, akamwambia asiogope kwa kuwa yupo pamoja naye. Tangu hapo hofu ikamwondoka.

Mwisho alionekana hana hatia akafunguliwa. Na hapa ndipo panapopimwa moyo wa mtu. Mtu aliyeonewa, kisha akatoka gerezani kwa haki, huwa na kiburi cha namna ya pekee, kiburi cha mwenye haki. Hutaka aombwe radhi kwanza. Husema hawezi kukanyaga tena pale mpaka fulani apige magoti. Tumewaona watu wa jinsi hii katika jamaa zetu na hata katika makanisa yetu. Mambo yao hukaa miaka kumi bila kusuluhishwa, na watoto hurithi ugomvi ambao hawajui ulianzia wapi. Apolo alirudi Boga bila sharti. Alirudi kwa mtu yule yule aliyempiga. Na Tabaro, aliyeshindwa kumvunja kwa fimbo, alivunjwa na kurudi kwake. Alijifunza, akabatizwa, akaitwa Paulo. Jina hilo lilichaguliwa vema kwa mtu aliyelitesa Kanisa.

NDUGU WAWILI WA WAKATI MMOJA

Ili tuelewe njia aliyoichagua Apolo, yafaa kumtaja Mganda mwingine wa rika lake, Semei Kakungulu. Huyu naye alikuwa Mkristo wa Kanisa lile lile, askari hodari kuliko Apolo, mtu mwenye akili nyingi. Apolo alipokwenda magharibi na jembe, Kakungulu alikwenda mashariki na jeshi. Alizitiisha nchi nyingi za upande wa Bukedi, akajenga ngome, akafungua barabara, na mji wa Mbale ulikua kutokana na makao yake. Alitumaini Waingereza watamkubali kuwa mfalme wa nchi zile. Hawakumkubali, walizidi kumpunguzia madaraka mwaka baada ya mwaka. Alitengana nao, akatengana na Kanisa lake pia, akafuata njia nyingine za imani mpaka alipofariki Mbale mwaka 1928.

Simtaji ili kumhukumu. Alifanya kazi kubwa, na Waingereza walimtumia kisha wakamwacha, jambo ambalo si la haki. Lakini maisha yake yanatuonyesha uchungu unaomngoja mtu aliyeweka moyo wake juu ya cheo. Cheo hutolewa na watu, na watu wanaweza kukiondoa. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Aliyekwisha kushuka mwenyewe kwa hiari hana mahali pa kuangukia.

KASISI NA KANONI

Apolo alifanywa shemasi mwezi wa Desemba mwaka 1900, na kasisi mwaka 1903. Kwa miaka mingi alitumika katika Toro, akitembea mtaa kwa mtaa. Hakuoa, na nyumba yake ilikuwa wazi kwa vijana wengi aliowalea na kuwafundisha. Mshahara wake ulikuwa mdogo, na sehemu kubwa ya huo mdogo aliigawa. Mipaka ya wakoloni ilipokwisha kuwekwa, Boga ikaangukia upande wa Wabelgiji. Kanisa lingeweza kuiacha, kwa kuwa ilikuwa nchi nyingine sasa, lakini Apolo aliomba arudi. Tangu katikati ya miaka ya 1910 alikaa kule mpaka mwisho.

Mwaka 1922 alifanywa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe. Hiyo ni heshima kubwa. Jina lake liliandikwa pamoja na majina ya wakubwa wa Kanisa, na kiti chake kilikuwa katika mji mkuu wa Waganda, kati ya watu wa nyumbani kwao. Angeweza kustarehe, maana umri ulikuwa umekaribia miaka sitini. Lakini wakati ule ule macho yake yalikuwa yakitazama upande mwingine, upande wa msitu wa Ituri.

Ndani ya msitu ule waliishi Wambuti, watu wafupi wa kimo, wawindaji na warina asali. Majirani zao waliwaita mbilikimo na kuwadharau. Watu wa vijijini walifanya nao biashara ya nyama na ndizi, lakini wengi hawakuwahesabu kuwa watu kamili. Wangehubiriwaje Injili watu wasiokaa mahali pamoja?

Kanoni Apolo aliingia msituni. Hakuwaita watoke waje kanisani kwake. Aliketi katika kambi zao, na walipohama kufuata mawindo, mafundisho yaliwafuata. Alijifunza maneno yao, na kwa msaada wao Injili ya Marko ikafasiriwa katika lugha ya watu wa msituni. Fikirini jambo hili, hasa ninyi walimu wenzangu. Kasisi mwenye mvi, mwenye cheo cha kanoni, anakaa chini ili mwindaji asiyejua herufi amsahihishe jinsi ya kutamka neno. Mwenye kiburi hawezi kufanya hivyo, maana atakuwa amekubali kwamba yuko mtu mdogo anayejua asilolijua yeye. Baadhi ya Wambuti walibatizwa kabla ya Apolo kufariki.

Hapo ndipo niuonapo ubaya mkubwa wa kiburi. Kinamchukiza Mungu, ndiyo; lakini pia kinaziba masikio. Mwanafunzi anayedhani amekwisha kujua hafundishiki, hata akiwa na akili nyingi. Mkristo mwenye kiburi vivyo hivyo: mahubiri humpita akidhani yanamhusu jirani, maonyo ya mkewe humpita, na hata sauti ya Mungu humpita. Mnyenyekevu masikio yake yako wazi, kwa hiyo huongezeka kila siku.

KUFARIKI KWAKE

Mwaka 1933 Apolo aliugua, na ilipokuwa wazi kwamba hatapona alitaka afe Boga, kati ya watu wake. Alifariki tarehe 30 Mei 1933. Alikuwa ameacha agizo moja juu ya maziko yake. Desturi ilikuwa kumlaza maiti kichwa upande wa mashariki. Apolo aliomba alazwe kichwa upande wa magharibi, kuelekea msituni, ili watu wakumbuke kwamba kule ndani bado wako wasiosikia Injili. Mashariki ndiko kulikokuwa kwao, Buganda, na kanisa kuu lenye kiti chake.

Kazi yake haikuzikwa pamoja naye. Mwaka 1972 Boga, mahali palipokataa kumpa mwalimu chakula, pakawa makao ya dayosisi ya kwanza ya Kianglikana katika nchi ile. Mwaka 1992 Waanglikana wa huko wakawa jimbo kamili lenye askofu mkuu wao, na wa kwanza alikuwa mwana wa Boga. Katika miaka hii watu wa Ituri wameteswa sana na vita na mauaji, na Boga haikusalimika. Tuwakumbuke katika sala zetu.

NA SISI JE?

Wasomaji wa Mbulu na Hanang hawana haja ya kwenda Kongo kumtafuta msitu wa Apolo. Katika bonde la Yaeda wako Wahadzabe, wawindaji na warina asali, wenye lugha yao ya pekee. Wamekaa nchi hii kabla ya wakulima na wafugaji, na majirani waliwaita Watindiga, jina ambalo wenyewe hawakujipa. Mwaka 2011 walipata hati ya kimila ya ardhi yao ya Yaeda, na tumshukuru Mungu kwa hilo. Lakini hati haiondoi dharau moyoni. Tunawasemaje tukiwa jikoni au mnadani? Mtoto wa Kihadzabe akiingia darasani, wenzake wamejifunza nini kwetu juu yake? Mwiraqw humsemaje Mbarbaig, naye Mbarbaig humsemaje Mwiraqw, na wote wawili humsemaje mgeni aliyehamia kulima ngano au vitunguu? Kabila ni zawadi ya Mungu. Lakini mtu akiitumia kujipimia juu ya mwenzake imekwisha kuwa sanamu.

Jambo la pili ni ndani ya Kanisa. Sisi Waanglikana huku tu wachache kati ya ndugu zetu Wakatoliki na Walutheri. Mtu angedhani wachache hawana kiburi. Lakini wachache nao wanacho chao: kugombea uenyekiti wa kamati, kununa kwa sababu jina halikutajwa katika shukrani, kukataa kufagia kanisa kwa kuwa mtu ni mzee wa kanisa. Bwana wetu, usiku ule wa Yohana sura ya 13, alijifunga kitambaa akaosha miguu, hata ya yule aliyekwisha kupanga kumsaliti. Na katika Wafilipi sura ya 2 Mtume Paulo anaeleza jinsi Kristo alivyoshuka ngazi kwa ngazi mpaka msalabani, na kwamba ni Mungu aliyempandisha. Kila Sala ya Jioni tunauimba Wimbo wa Mariamu unaoeleza jinsi Mungu anavyowashusha wenye nguvu na kuwainua wanyonge. Tunauimba kwa sauti nzuri, lakini je, tunaukubali?

Unyenyekevu si kujidharau, wala si kutembea umeinamisha kichwa na kusema huwezi kitu. Apolo hakujidharau; alisimama mbele ya chifu mwenye fimbo bila kutetemeka. Alijua yeye ni wa nani, kwa hiyo hakuhitaji kujikweza. Unyenyekevu wake ulionekana katika mambo ambayo kila mmoja wetu anaweza kuyafanya: kushika jembe pamoja na watu, kurudi kwa aliyemkosea, kukaa chini ajifunze kwa anayedharauliwa.

Basi tarehe 30 Mei ijayo, pamoja na kumtaja Kanoni Apolo katika sala, kila mmoja amfikirie mtu mmoja ambaye amekuwa akimtazama kutoka juu. Amwendee nyumbani kwake, aketi pale atakapoonyeshwa kuketi, ale atakachopewa, na asikilize zaidi ya kusema.

Mungu, aliyemwita Apolo kutoka vitani ampeleke msituni, atushushe na sisi kabla hatujaanguka, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.